Peislipu ya mfanyakazi wa treni Nakuru: nani amekata nini?

Nyumba nyingi za Mikindani, Changamwe na Mazeras zina mtoto au mume aliyeandikwa kazi ya reli na kupelekwa bara. Kila mwisho wa mwezi huzuka maneno yale yale. Huku nyumbani inajulikana kwamba "anapata elfu hamsini". Pesa zinazotumwa kwa simu zinasema jambo jingine kabisa. Mama anashuku kuna mke wa pili, mke anashuku kuna mambo mengine, na yule kijana mwenyewe, ukimuuliza pesa zimekwenda wapi, anakujibu kwa neno moja: "Makato."

Makato yapi? Hapo ndipo wengi hukwama. Nimeulizwa swali hili na wasomaji wanne kwa mwezi mmoja, watatu kati yao wakiwa na jamaa walioko Nakuru, kwa hiyo leo tuikunjue hiyo karatasi mstari kwa mstari.

Nakuru si mgeni kwetu. Reli iliyoanza kutandazwa Mombasa mwaka 1896 ilifika huko 1900, na kufikia mwisho wa 1901 ilikuwa imegusa ziwa pale Kisumu. Baadaye njia ikagawanyika hapo Nakuru: moja ikapanda Njoro na Molo kuelekea Kisumu, nyingine ikapita Rongai na kupanda baridi ya Timboroa hadi Eldoret na Malaba. Ndiyo maana mji ule umekuwa na madereva wa treni, magadi, mafundi na watu wa genge la njia tangu enzi za babu zetu, na ndiyo maana ukipita Bondeni hukosi kusikia Kiswahili kinachokukumbusha nyumbani. Mshahara wa reli nao haujaanza kulalamikiwa jana. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947 uliwatoa kazini watu wa bandari na wa reli pamoja, na kiongozi wao, Chege Kibachia, serikali ya kikoloni ilimtia mbaroni mwaka huo huo na kwenda kumzuilia Kabarnet, kule kule Bonde la Ufa.

Turudi kwenye karatasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 20, inamlazimu mwajiri kukupa maelezo ya maandishi ya mshahara, yenye jumla kabla ya makato, na kila kato na sababu yake. Si hisani. Kama unalipwa kwa benki au kwa simu na hujapewa peislipu, ya karatasi au ya kompyuta, una haki ya kuidai, isipokuwa kama wewe ni kibarua wa kutwa, ambaye kifungu hicho hakimhusu.

Tuchukue mfano. Hizi ni tarakimu zangu za kufundishia tu, si ngazi ya mshahara ya shirika lolote. Msaidizi wa dereva wa treni ana mshahara wa msingi wa shilingi 38,000, marupurupu ya nyumba 8,000, na marupurupu mengine ya kudumu 4,000. Jumla ni 50,000. Hiyo ndiyo "elfu hamsini" ya mama wa Mikindani.

Mstari wa kwanza ni NSSF. Sheria mpya ya mfuko huu ilipitishwa mwaka 2013, ikakaa mahakamani miaka, ikaanza kutekelezwa Februari 2023. Kabla ya hapo kila mtu alikatwa shilingi 200, awe mfagizi au meneja. Sasa ni asilimia 6 ya mshahara, ila kuna kiwango cha juu ambacho hesabu haikipiti, na kiwango hicho kimekuwa kikipanda kila Februari: 18,000 mwaka 2023, 36,000 mwaka 2024, na 72,000 mwaka 2025. Angalia ilivyomfanya mtu wetu. Mwaka 2023 alikatwa 1,080. Mwaka 2024 ikawa 2,160. Mwaka 2025 ikawa 3,000. Mshahara haujabadilika hata senti, mhasibu hajamwonea, na pesa ya mkononi imepungua mara tatu. Ugomvi mwingi wa nyumbani ninaousikia chanzo chake ni hapa.

Lakini kabla ya kumlaani mtu, fahamu kwamba mwajiri naye analipa 3,000 zake juu ya zako, na zote 6,000 zimeandikwa jina lako. Katika makato yote ya lazima, hili ndilo peke yake linalorudi, tena likiwa maradufu. Mimi binafsi silipigii kelele. Waajiri wengine wana idhini ya kupeleka sehemu ya mchango huo kwenye mfuko wa pensheni wa kazini badala ya NSSF. Ikiwa ndivyo kwako, peislipu itaonyesha mistari miwili, na ni wajibu wako kujua mfuko wa pili unaitwaje na unaipata wapi taarifa yake ya mwaka.

Mstari wa pili ni SHIF, bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Ni asilimia 2.75 ya jumla ya mshahara, na hailipwi chini ya shilingi 300. Kwa NHIF, mtu wa 50,000 alikatwa 1,200. Leo anakatwa 1,375. NHIF ilikuwa na dari ya 1,700 na SHIF haina dari, kwa hiyo walioumia zaidi ni wenye mishahara mikubwa. Mwajiri haongezi chochote hapa.

Wa tatu ni tozo ya nyumba, asilimia 1.5. Kwa mtu wetu ni 750, na mwajiri anatoa 750 nyingine. Tozo hii ilianza Julai 2023, Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha katiba Novemba mwaka huo, makato yakasimama mwanzoni mwa 2024, kisha Bunge likatunga sheria nyingine iliyoanza kazi Machi 2024. Ukiona peislipu zako za kipindi hicho zina mapengo, sababu ni hiyo. Jina lako haliandikwi juu ya nyumba yoyote kwa sababu ya tozo hii. Kupata nyumba ni maombi mengine, mbali kabisa. Huu ni mjadala ninaouacha kwa siku nyingine maana nikiuanza sitaumaliza.

Wa nne ndio mkubwa, PAYE, kodi ya mapato. Hapa kuna dhana mbili potofu na kosa moja la kweli.

Dhana ya kwanza ni kwamba kodi inapigwa kwa mshahara wote kwa asilimia 30. Sivyo. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata asilimia 25, na kinachozidi hapo ndicho hutozwa asilimia 30, mpaka ufike laki tano, ambako wengi wetu hatufiki. Kisha kila mtu anapunguziwa 2,400 kwa mwezi. Hesabu hiyo inamaanisha kwamba mwenye mapato ya kodi ya 24,000 au chini yake halipi PAYE kabisa. Kibarua wa genge anayelipwa 20,000 atakatwa NSSF 1,200, SHIF 550 na tozo ya nyumba 300. Akiona mstari wa PAYE kwenye karatasi yake, aulize.

Dhana ya pili inatoka na hiyo ya kwanza: "Nikifanya kazi ya ziada napanda daraja la kodi, mshahara unapungua." Nimeisikia hii hata kwa watu wenye shahada. Kodi ya juu inagusa shilingi zile zilizozidi tu. Kwa mtu wetu wa 50,000, kila shilingi 1,000 ya ovataimu inamwachia kama 628 mkononi baada ya makato yote. Si tamu, lakini haiwezi kuupunguza mshahara aliokuwa nao.

Kosa la kweli ni hili. Tangu tarehe 27 Disemba 2024, SHIF na tozo ya nyumba hutolewa kwenye mshahara kwanza, pamoja na NSSF, ndipo kodi ihesabiwe kwa kinachobaki. Kwa mtu wetu: 50,000 toa 3,000, toa 1,375, toa 750, inabaki 44,875. Kodi ya hiyo, baada ya kupunguziwa 2,400, ni shilingi 5,845 na senti 85. Mwajiri ambaye bado anatoa NSSF peke yake ataanzia 47,000 na kumkata 6,483 na senti 35. Tofauti ni 637 na nusu kwa mwezi, au 7,650 kwa mwaka. Hiyo ni karo ya mtoto wa chekechea. Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilisisitiza kwamba ni kazi ya mwajiri kutumia nafuu zote hizi bila kusubiri kuombwa. Kampuni kubwa zenye mifumo ya kisasa zilikwisha rekebisha. Mashaka yangu yako kwa wakandarasi wadogo wanaolipa watu kwa daftari.

Basi kwa makato manne ya lazima, mtu wetu amekatwa 10,970 na senti 85, na amebakiwa na 39,029. Januari 2023, kwa mshahara ule ule, angebakiwa na takriban 41,450. Amepoteza kama 2,400 ya mkononi, ingawa NSSF yake pekee imepanda kwa 2,800. Tusichanganye pesa iliyoliwa na pesa iliyowekwa.

Kuna mstari mmoja unaowahusu watu wa treni kuliko wafanyakazi wengi, nao ni pesa ya kulala nje. Dereva wa Nakuru anayeshusha behewa Malaba akalala huko, au gadi anayeingia Kisumu usiku na kurudi kesho yake, hulipwa posho ya chakula na malazi. Sheria inaiona posho hiyo kama pesa uliyorudishiwa kwa gharama ya kazi, si mapato, ila kwa kiwango maalum. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa shilingi 2,000 kwa siku. Tangu tarehe 1 Julai 2025 ni 10,000 kwa siku. Chini ya hapo haitozwi kodi.

Tuseme mtu wetu amelala nje usiku nane kwa mwezi, kwa 1,500 kila usiku. Hizo ni 12,000. Zikiandikwa mahali pake, anazipata zote. Zikirushwa ndani ya jumla ya mshahara pamoja na marupurupu mengine, kodi pekee inakula zaidi ya 3,000, achilia mbali SHIF na tozo. Kwa hiyo tazama kama mstari huo umejumlishwa kabla au baada ya kodi. Tahadhari moja: nafuu hii ni kwa siku ulizokuwa kweli nje ya kituo chako kwa kazi ya mwajiri. "Posho ya safari" inayolipwa kiasi kile kile kila mwezi, hata ukiwa likizo kwenu Likoni, hiyo ni mshahara tu na itatozwa. Wengine hulalamika hapa bila haki.

Sasa tuje kwenye makato uliyoyatia sahihi mwenyewe. Mtu wetu ana hisa za sacco 3,000, mkopo wa sacco 9,000, mkopo wa benki 10,000, chama cha wafanyakazi 500, na mfuko wa mazishi 300. Jumla ni 22,800. (Riba ya ile benki sitaizungumzia hapa. Masheikh wapo, na jibu lao analijua.) Kutoka 39,029 anabaki na 16,229. Hiyo ndiyo pesa anayokula, anayolipia chumba Nakuru, na anayotuma Mikindani. Serikali imechukua kama 11,000, yeye mwenyewe ametia sahihi mara mbili ya hizo, lakini nyumbani lawama zote zinakwenda kwa serikali.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinasema makato yote kwa pamoja hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara. Ukipima kwa jumla ya 50,000, theluthi moja inayopaswa kubaki ni 16,666. Mtu wetu yuko chini ya mstari kwa shilingi 437, na ofisi ya mishahara ilipaswa kuukataa mkopo wa mwisho. Lakini mashirika ya umma yamezoea kupima theluthi kwa mshahara wa msingi. Ukipima kwa 38,000, theluthi ni 12,666, na ghafla mtu yule yule anaonekana ana nafasi ya kukatwa 3,500 zaidi. Maofisa mikopo wa benki wanaijua hesabu hii vizuri kuliko mkopaji, na watakupigia simu kukuambia "una nafasi". Kifungu chenyewe kinataja mshahara. Neno "msingi" halimo. Muulize ofisa wako anapima kwa kipi kabla ya kuchukua kalamu.

Kuna na makato ambayo si ya sheria wala si ya sahihi yako. Behewa likiharibika au kifaa kikipotea, mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki ikiwa tu uharibifu umetokana na ukaidi wako wa makusudi. Ajali ya kazi si ukaidi. Aliyekabidhiwa pesa, kama mkata tiketi, anaweza kukatwa upungufu uliotokana na uzembe wake au wizi, ikiwa mkataba wake unasema amekabidhiwa pesa. Siku ambazo hukufika kazini bila ruhusa zinakatwa. Pesa uliyolipwa zaidi kwa makosa inarudishwa. Ada ya kupewa kazi, au ya "kulindwa" usiachishwe kazi, imekatazwa kabisa kukatwa kwenye mshahara. Ada ya chama cha wafanyakazi inahitaji fomu uliyoitia sahihi, na ukitaka kutoka unaandika barua. Ila jua kwamba asiye mwanachama naye anaweza kukatwa ada ikiwa anafaidika na mkataba wa pamoja ambao chama kimeujadili na Waziri wa Leba ameiidhinisha ada hiyo.

Wahenga wa Pwani walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni zaidi ya peislipu. Peislipu inakwambia pesa imekatwa. Haikwambii kama imefika. Hilo ndilo ninalowaomba vijana walioko Nakuru, Naivasha na Gilgil walishike kuliko yote niliyoandika. PAYE, NSSF na SHIF hutakiwa kupelekwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa SHIF, piga *147# uone kama mchango wako uko hai. Fanya hivyo mkiwa wazima, si siku mke amefikishwa hospitali kujifungua na kaunta inasema haumo. Kwa NSSF, fungua akaunti yako mtandaoni ulinganishe mwezi kwa mwezi, na uhakikishe jumla ni mara mbili ya ulichokatwa. Kwa kodi, mwajiri hukupa fomu P9 kila mwaka. Jumla yake ilingane na peislipu zako 12, na ripoti yako iingie KRA kabla ya tarehe 30 Juni. Kwa sacco, omba taarifa ya akaunti. Sheria ya Vyama vya Ushirika inampa mwajiri siku saba tu kupeleka alichokata, akichelewa anadaiwa pamoja na riba isiyopungua asilimia 5 kwa mwezi, tena ya kulimbikizwa. Na mwajiri anayekata kisha asipeleke ametenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Ajira: faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili.

Wazee wa reli wana kazi ya ziada hapa. Shirika la Reli liliikabidhi njia kwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006, na mkataba ule ukavunjwa 2017. Aliyeingia kazini mapema miaka ya 2000 na bado yuko huenda amepita mikononi mwa waajiri zaidi ya mmoja bila kuhama nyumba. Kumbukumbu zake za NSSF na za pensheni zinapaswa kuonyesha kila mwajiri na kila mwaka. Pengo la miezi sita katika mwaka 2009 ni rahisi kulifuata leo ukiwa bado na peislipu za wakati huo kuliko ukiwa na miaka 60, umeshika bahasha mkononi kwenye foleni.

Ukiona kosa, anzia ofisi ya mishahara, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Makosa mengi humalizwa hapo mwezi unaofuata, kama marekebisho. Wasipojibu, mwone mwakilishi wa chama, kisha ofisa wa leba wa Nakuru, ambaye hatakutoza kitu. Mwisho kabisa ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo mjini Nakuru, kwa hiyo hakuna haja ya safari ya Nairobi. Madai ya mshahara yana muda wake lakini: sheria inatoa miaka mitatu tangu kosa lilipotokea, na likiwa ni kosa la kuendelea, miezi 12 tangu lilipokoma.